Nunda Kasogezwa Hatua Ishirini

"...mkono wangu! We kaka, unanikanyaga mkono!"

Jamani, ndivyo walivyokutana! Nesi yuko chini ya benchi la stendi, saa moja asubuhi, sare imejikunja, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Dereva wa greda kasimama juu yake na koti la rangi ya machungwa linalong'aa, buti zimejaa vumbi.

"Samahani dada. Unatafuta nini huko?"

"Hereni. Na wewe?"

"Nati."

Waongo wote wawili! Pale chini kulikuwa na kijisanduku cha Zimwi: mmoja kaja kukikagua, mwenzake kaja kukitafuta. Nesi ndiye aliyekificha, hicho na vingine sita kandokando ya barabara kuu, kila kimoja na jina la dubwana la hadithi za bibi yake: Nunda mla watu, Nguva, Joka la vichwa saba. Ni mchezo. Simu inakuelekeza, unapapasa, ukikipata unasaini daftari lililomo, unakirudisha. Na mwiko wake mkubwa ni kumwambia asiyecheza. Basi kila mmoja akadhani mwenzake hajui kitu, akanyamaza. Wakanywa chai, wakapeana namba, wakapendana miezi mitatu mizima bila kuambiana!

Mapenzi yenyewe ya watu waliochoka. Mchana simu inalia.

"Umelala, kipenzi?"

"Nilikuwa nimelala. Umeniamsha."

"Basi nikubembeleze?"

"Nibembeleze kimyakimya."

Halafu wote wawili wanasinzia, simu sikioni.

Kisha vijisanduku vikaanza kupotea. Nguva, hayupo. Joka, hayupo. Asubuhi moja Nesi anatoka kazini, anamkuta mpenzi wake kando ya greda, kamshika Nunda mkononi!

"Kumbe ni wewe! Mwizi mkubwa!"

"Mwizi wa nini? Mama, ngoja nikue..."

"Usiniite mama!"

Akarukia pikipiki ya abiria, huyoo. Siku tisa hakupokea simu. Wodini wagonjwa wakawa wanamuuliza, "Nesi, na wewe unaumwa?"

Siku ya kumi miguu ikampeleka alikomficha Nunda. Pale mahali hapapo! Mtaro mpya umekatwa, unammeza mtu mzima. Hatua ishirini juu yake, kwenye jiwe, mshale wa rangi nyeupe, ile ya wapima barabara. Nyuma ya jiwe, Nunda mzima kabisa. Na daftarini mwandiko anaoujua, tarehe ya siku ile ile ya ugomvi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajamfumania:

"Kwako mwenye vijisanduku, sikujui. Greda yangu inapita hapa kesho. Nimemsogeza Nunda asije akafa. Wenzake pia nimewawekea mishale."

Nesi akakaa vumbini, na sare yake nyeupe hivyo hivyo. Akampigia dereva.

"Mwenye vijisanduku ni mimi."

Dereva akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu. "Miezi mitatu, mama! Tunafichana ugonjwa mmoja!"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe, hata kununa nimechoka. Ila nisikilize. Kesho kutwa tunahamia kambi nyingine, mwendo wa siku mbili. Sitaki kwenda huko na namba ya simu tu. Nataka nikuoe. Unakubali?"

Moyo ukaruka, mwili ukagoma kusimama. Usiku kucha alikuwa amesimama wodini, saa kumi na mbili mfululizo.

"Ndiyo," akasema, kope zinaanguka. "Ndiyo kabisa. Ila zamu imeniua, mpenzi. Nilivyolia, nilivyokutukana, na jinsi nitakavyoomba uhamisho nikufuate, yote hayo nitakusimulia kesho."