Matofali ya Kishanda na Kodi Iliyolipwa Mara Mbili

Wakati wa utawala wa Mwingereza, Rugaibula wa Kishanda na mkewe Kokubanza walikuwa na kampuni ndogo ya kufyatua matofali. Asubuhi wafanyakazi wao watano walikanyaga udongo kwa miguu. Mchana walifyatua. Kokubanza aliyapanga matofali mabichi na kuyafunika kwa majani makavu ya migomba, maana tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Shule moja ya Kagoma ilikuwa inayasubiri ili ijenge madarasa.

Matofali yalikuwa tayari kuchomwa, lakini kuni hazikuwapo. Fedha ya kuni ilikuwa imekwama mjini, katika ofisi ya kodi.

Ilikwamaje huko? Ofisi iliwaagiza waajiri wawalipie wafanyakazi wao kodi ya kichwa, kisha waikate katika mishahara. Rugaibula, mtu wa kutii upesi, aliwalipia wote watano bila kuuliza kitu. Siku ya mshahara wafanyakazi wakaja juu.

"Ta Rugaibula, sisi tulishalipa kwetu Kanazi tulipouza kahawa!" alisema Protase, mkubwa wao, akimwita Ta kwa heshima.

"Tikiti za kodi ziko wapi?"

"Nyumbani kwa wake zetu. Nani anakanyaga udongo na tikiti mfukoni?"

Walisema kweli, kwa hiyo hakuwakata mishahara. Kodi yao ilikuwa imelipwa mara mbili, na Rugaibula alipaswa kurudishiwa fedha yake.

Akapanda lori kwenda mjini. Kwao mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, wala hamdai mkubwa kama anavyomdai jirani. Kwa hiyo alibeba kibuyu cha lubisi, ile pombe ya ndizi. Alimsalimu karani kwa unyenyekevu, akaeleza shida yake. Karani akapokea kibuyu.

"Njoo wiki ijayo," alisema.

Rugaibula akaenda tena, na tena, kila safari na kibuyu chake. Karani alinenepa, fedha haikuja. Ujinga gani huu, kumnywesha mtu pombe ili akurudishie kilicho chako!

Siku moja alirudi akakuta mvua ya kwanza imepita Kishanda. Safu nzima ya matofali ilikuwa tope, na Kokubanza amesimama katikati yake.

"Karani amesemaje?" aliuliza.

"Amesema mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Kokubanza akawaka. "Mvungu wa nani? Fedha ni yetu! Sisi tukichelewa kulipa siku moja, tarishi yuko mlangoni. Wao wakichelewa, ni sisi tena wa kuinama?"

"Punguza sauti, mke wangu. Ile ni serikali."

"Na hili ni tope! Mvua nyingine ikija hatuna kampuni."

Jirani yao Adventina, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alisikia kelele akaja.

"Ta Rugaibula, ukienda pale ofisini unaacha nini?"

"Lubisi."

"Hukuacha karatasi ya madai?"

"Nilimweleza kwa mdomo. Anajua."

"Anajua, lakini akikana utamshika wapi? Maneno ya mdomo hayana tarehe. Andikeni madai. Tajeni kila mfanyakazi na kodi mliyomlipia. Pelekeni stakabadhi yenu na tikiti zao za Kanazi, ili ionekane kwamba walishalipa. Tena andikeni nakala ya pili. Karani aigonge muhuri wa tarehe, mrudi nayo nyumbani. Akiwazungusha, nendeni na nakala hiyo kwa mkubwa wake."

"Kumshitaki karani si utovu wa adabu?"

"Kudai haki yako si utovu wa adabu. Na lubisi kunyweni wenyewe."

Wafanyakazi wakaenda Kanazi kuchukua tikiti. Adventina akawasaidia wenye kampuni kuandika. Kisha mume, mke na wafanyakazi wao, wote saba, wakaingia ofisini pamoja. Karani akawatazama mikono.

"Leo hamkuleta kitu?"

"Tumeleta madai, waitu," alisema Kokubanza kwa heshima. "Tunaomba muhuri kwenye nakala yetu."

"Wekeni mezani. Njooni wiki ijayo."

"Muhuri kwanza."

"Mwanamke huyu ananifundisha kazi?"

Rugaibula, ambaye siku zote alisimama pale ameinamisha kichwa, sasa alikiinua.

"Ni mwenzangu katika kampuni. Kama muhuri umekushinda, tuonyeshe mlango wa mkubwa wako."

Watu waliokaa kwenye benchi wakageuka kutazama. Karani akaugonga muhuri kwa hasira hata meza ikatikisika. Agonge apendavyo, tarehe ilisomeka vizuri!

Wiki ikapita bila fedha. Safari hii hawakumbembeleza mtu. Walikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa ofisi, wakamwonyesha nakala yenye muhuri. Alisoma, akalinganisha tikiti na stakabadhi, akamwita karani. Madai yalikutwa mtotoni mwa meza, hayajaguswa. Mkubwa akaamuru walipwe siku ileile.

Karani akazisukuma fedha mbele yao. "Haya, ishukuruni serikali."

"Mtu hushukuru akipewa," alijibu Kokubanza. "Sisi tumerudishiwa."

Walinunua kuni kabla ya kufika nyumbani. Na Rugaibula akaweka sheria katika kampuni: anayeanza kazi aje na tikiti yake ya kodi, aionyeshe, ndipo akanyage udongo.

Tanuru likawashwa, likaachwa liwake mpaka matofali yakaiva. Siku chache baadaye mvua kubwa ilishuka Kishanda. Kokubanza hakukimbilia majani ya migomba. Alikaa barazani na mumewe, wakaitazama ikiyapiga matofali yao mekundu, na halikuyeyuka hata moja.