Nyasi Ndani ya Tenga

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Pacha na mumewe walimwinua ng'ombe wao, Madoa. Baba Pacha alishika mkia. Mama Pacha alishika pembe.

"Moja, mbili, haya!"

Madoa alitetemeka, kisha akasimama. Ng'ombe wawili walikuwa wameshakufa. Kati ya waliobaki, Madoa peke yake ndiye aliyetoa maziwa, na pacha walikuwa bado wadogo.

"Ardhi hii imekufa," Baba Pacha alisema. "Tukimpoteza na huyu, nawaaga. Naenda mjini kutafuta kazi ya ulinzi."

"Wewe ulinde geti?" Bibi, mama yake mzazi, alicheka kutoka mlangoni. "Usingizi wako tunaujua, mwanangu!"

Baba Pacha alitabasamu. Lakini Mama Pacha alikuwa ameona begi lake. Lilikuwa limeshapangwa nguo.

Mchana daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki. Alichuchumaa vumbini, akamkuna Madoa masikio kwanza, ndipo akampima.

"Hana ugonjwa. Ana njaa."

"Ale nini, daktari? Tazama mwenyewe."

Kuzunguka kisima kilichokuwa karibu na nyumba kulikuwa vumbi tupu. Daktari alitembea polepole hadi nyuma ya zizi. Hapo palikuwa na tenga kuukuu la kuku. Lilikuwa limepinduliwa chini tangu kabla ya mvua ndogo ya mwezi uliopita. Daktari alichungulia kwenye matundu yake.

"Mama Pacha, nani amepanda humu?"

"Hakuna aliyepanda. Hilo bovu tu, tumelitupa."

Daktari aliliinua. Mama Pacha akashika mdomo.

Chini ya tenga palikuwa na duara la nyasi mbichi, ndefu kama kiganja. Nje ya duara, vumbi. Ardhi ile ile, mvua ile ile. Mama Pacha alipiga magoti, akazigusa. Zilikuwa baridi.

"Haijafa," alinong'ona.

"Haijafa, imechoka," daktari alisema. "Nyasi huweka nguvu kwenye mizizi. Zikiliwa, huota tena kwa nguvu hiyo. Zikiliwa kila siku, nguvu inaisha. Hizi zimepumzika. Bibi, zamani mlikaa mahali pamoja muda gani?"

"Zamani? Nyumba yetu ilikuwa fito na mikeka. Nyasi zikibaki fupi, tunaipakia juu ya ngamia, tunahama. Tukirudi baada ya mvua, zimefika magotini." Bibi aliziinamia zile nyasi. "Kumbe tulikuwa tunazipumzisha! Na mimi ndiye niliyelilia tukae kwenye kisima hiki. Miguu ilikuwa imechoka."

Mama Pacha alimshika mkono. "Hukukosea, mama. Nimezaa pacha karibu na maji na zahanati."

"Sasa tuhame tena sote?" Baba Pacha aliuliza.

"Si lazima," daktari alijibu. "Nyumba ibaki, mifugo ihame. Wapigie simu wafugaji wenzako, uliza malisho yako wapi. Ukifika, omba ruhusa kwa wenyeji. Hapa, zungusheni uzio wa miiba upande mmoja. Mifugo isiingie mpaka nyasi zidondoshe mbegu. Madoa hawezi safari. Nitamletea majani makavu."

Jioni majirani wa kisimani waliitwa. Jirani mmoja alibisha sana. Alipooneshwa lile duara, alilitazama, kisha akawa wa kwanza kwenda kukata miiba.

Baba Pacha alitoa nguo kwenye begi, akaondoka na mifugo. Kila wiki alipiga simu. "Wanakula!" alipaza sauti.

Alirudi baada ya mvua kubwa. Madoa alikuwa amenawiri, na pacha walikuwa wakigombania kikombe cha maziwa. Mama Pacha alimpeleka mumewe moja kwa moja kwenye uzio. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Upepo ulizilaza, zikainuka.

Ng'ombe walisukumana wakilia.

"Wafungulie basi," Bibi alisema.

Baba Pacha alipima suke moja kwa vidole. "Mbegu bado, mama. Siku kumi hivi."

Akawapeleka ng'ombe upande wa pili. Kisha akarudi peke yake, akavua viatu nje ya uzio, kama mtu anayeingia nyumbani kwa wenyewe.