Safu Isiyofika Getini

Saa saba mchana.

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi kilikuwa na meza moja, kompyuta moja na watu watatu. Nanga, mkuu wa genge, alichora geti la ghala sakafuni kwa chaki. Kando yake alisimama Dada, dereva wa zamani wa malori. Mbele ya kompyuta aliketi Fundi, mdogo wake Dada wa tumbo moja, ambaye kampuni yenye ghala ilimwajiri kurekebisha programu yake ya biashara.

"Eleza tena," Nanga aliamuru. "Polepole. Mimi shule niliiona kwa nje."

"Jedwali la mizigo linaongezewa safu mpya, Kibali. Kuanzia saa tisa, mzigo usio na Kibali hautoki. Wa kwetu nimeshaujazia."

"Na bawabu anaiona safu hiyo?"

"Bawabu halioni jedwali lenyewe. Anasoma dirisha lililojengwa ndani ya hifadhidata, linalochota habari jedwalini. Safu lazima iwekwe kotekote. Ukiisahau dirishani, bawabu haoni kitu."

"Umeiweka kotekote?"

"Ndiyo, mzee."

Ulikuwa uongo. Aliiweka jedwalini tu.

Dada alimlea tangu wazazi walipofariki. Alimsomesha kwa mshahara wa usukani. Mshahara ulipokatika, akamsomesha kwa wizi. Fundi alikuwa amechoka kusimama juu ya dhambi ya mtu anayempenda. Akapatana na mkaguzi wa polisi: geti likatae, kengele ilie, Nanga akamatwe, Dada aachwe. Mapatano yote yaliegemea mazoea ya Nanga, ambaye siku ya kazi hakuwahi kumwachia mtu usukani. Dada hubaki nyuma kulinda chumba.

Kusaliti kwa nia njema bado ni kusaliti. Fundi alilijua hilo, akaendelea.

Saa nane na nusu.

Lori lilikwisha kuingia ghalani asubuhi pamoja na malori mengine ya kukodi. Lilikuwa limepakiwa nyaya za shaba, likingoja dereva. Nanga alichukua koti la wafanyakazi wa ghala, akamtupia Dada.

"Leo unaendesha wewe."

Fundi aligeuka ghafla kitini.

"Mimi?" Dada akacheka. "Leo jua limechomoza magharibi! Mgongo umezeeka, Nanga?"

"Umezeeka. Nenda."

Dada alivaa koti. Akampiga mdogo wake kikofi cha kisogoni. "Kaa wima, wewe. Unajikunja kama kambare aliyebanikwa." Akaipigia simu ya Fundi iliyokuwa mezani, akaiacha yake wazi mfukoni ili wamsikie, akatoka.

Fundi alijipa moyo. Polisi walingoja kengele. Bila kengele wasingetokea. Angeiongeza safu dirishani kimyakimya, na dada yake apite salama. Akaanza kuandika.

"Unafanya nini?" Nanga aliuliza. "Si ulisema imekwisha?"

"Naikagua tu."

Bastola ikawekwa mezani, taratibu, kama mtu anayetua kikombe. "Mikono juu ya meza."

Dakika zilipita. Simuni zilisikika hatua za Dada, salamu zake kwa wapakiaji, kisha injini ya lori. Fundi akashindwa.

"Mrudishe, mzee. Nakusihi. Geti litamkataa."

"Najua." Sauti ya Nanga haikupanda. "Nilipokuuliza habari za bawabu, hukunitazama usoni. Nikasema, tumpime kwa damu yake. Kama kazi ni safi, dada yake atapita."

"Niache niirekebishe!"

"Rekebisha. Shaba bado naitaka."

Saa tisa kamili.

Fundi aliijenga safu dirishani. Mistari michache tu. Kwa siku nyingine ingekuwa kazi ya kunywea chai. Lakini kompyuta ya getini ilikuwa imelifungua dirisha la zamani tangu asubuhi, na isingeona safu mpya mpaka programu ifungwe na kufunguliwa upya. Akaifunga programu ya getini kutoka pale alipoketi.

Alijua kila kilichomo ndani ya programu hiyo. Hakuwahi kusimama getini.

"Kioo kimezimika, mama," sauti ya bawabu ilisikika simuni.

"Kitarudi. Nifungulie, nina haraka."

"Kanuni ya ghala. Kioo kikizimika lori likiwa mbele yangu, nashusha kizuizi, napiga kengele. Zima injini."

"Baba, subiri kido—"

Kengele ikalia.

Fundi alisikia buti zikikimbia, mlango wa lori ukivutwa, dada yake akiguna kama aliyepigwa. Kisha kioo kilichokuwa mbele yake kikaonyesha programu ya getini imefunguka upya, na kando ya mzigo wao, safi kabisa, neno Kibali.

Nanga alichukua bastola. Mlangoni aligeuka. "Nimekuachia uhai. Kaa nao."

Simuni askari alikuwa akiuliza. "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu," Dada alijibu.

"Huna mdogo, mtu wa kompyuta?"

"Sina mdogo. Mama alinizaa mimi tu, akafunga duka."

Askari akacheka. "Acha kujisumbua, mama. Huyo mdogo wako ndiye aliyetuita."

Fundi aliinama juu ya simu.

"Nimekwambia," Dada akasema hatimaye, kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia tangu azaliwe, "sina mdogo."

Simu ikakatwa.