Batuli na Kanga ya Ukutani

Sogeeni karibu. Huyu hapa ni Batuli. Ana miaka saba. Mkono mmoja ameuweka kiunoni, mwingine umeshika brashi.

Shuleni kwao wanapaka ukuta rangi. Kila mtoto ana kipande chake. Kesho wazazi watakuja kuangalia.

Zena amechora paka. Mbwana amechora gari la magurudumu sita. Batuli hajachora kitu.

"Kipande changu cheupe pe!
Nichore nini mimi?"

Kengele ikalia. Ngree! Batuli akarudi nyumbani amenuna.

Mlangoni, Bibi anashona kofia. Sindano inaingia, sindano inatoka. Chwi, chwi, chwi.

"Shikamoo, Bibi. Kipande changu cheupe pe! Nichore nini mimi?"

"Marahaba. Mimi najua kofia tu, mjukuu wangu."

Bibi akainua kofia. Jua likapita kwenye vitobo vyake vidogo vidogo. Nukta za mwanga zikajaa mguuni kwa Batuli!

Nyumba ya pili, Ami Shee anatengeneza makubadhi, viatu vya ngozi. Ko! Ko! Ko!

"Shikamoo, Ami. Kipande changu cheupe pe! Nichore nini mimi?"

"Marahaba. Shika kiatu hiki. Umeona nini?"

"Mistari myekundu! Na majani ya kijani!"

"Sasa mbona umenuna?" Ami akamtania.

Uani, Mama anaanika kanga. Pepe, pepe, pepe. Kanga ina michoro ya korosho za njano, kubwa kubwa.

Batuli akasimama. Akacheka peke yake.

"Najua! Najua!"

Asubuhi akawahi shuleni. Akachora pindo kuzunguka ukingo, kama la kanga. Akatia nukta za kofia ya Bibi. Akatia mistari ya makubadhi ya Ami. Akatia korosho za Mama, nono kuliko za Mama mwenyewe.

Kipande kikajaa. Batuli akafurahi mno.

Zena akaja, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Kanga yako haina jina."

Yalaa! Kila kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa kwa chini. Batuli amesahau! Na nafasi hakuna, hata ya kuweka kidole. Na wazazi hao, wanaingia getini!

Machozi yakamlengalenga. Kisha akaruka.

"Mwalimu, haraka! Naomba rangi nyeupe!"

Akapaka utepe mweupe juu ya korosho za chini. Kwaherini, korosho! Akaandika herufi moja moja, ulimi nje.

Wazazi wakafika. Bibi akapita mbele. Akaiona kazi ya mikono yake, kubwa, ukutani.

"Nisomee jina, mjukuu wangu. Miwani nimeiacha nyumbani."

Batuli akasoma kwa sauti:

"NIMETOKA NAVYO KWETU."

Bibi akajishika mdomo. Kisha akapiga kigelegele, na kina mama wote wakampokea.