Mnunuzi wa Ghorofani

Bomba la ghorofani lilifunguka lenyewe mchana kweupe, wateja wakiwa wameshaondoka. Mzee alipanda akalifunga, akashuka akimlaani dalali kwa kumletea watu wasio na adabu, wanaochezea mabomba ya wenzao kisha wanaaga.

Mtaani walimwita Bei Moja. Tangu astaafu kazi ya kupima ardhi alikuwa akiiuza nyumba ile ya vyumba sita, ili yeye na mkewe wanunue kijumba cha vyumba viwili jirani na binti yao. Magoti ya mkewe yalikuwa yameshakataa ngazi. Bibi wa watu alilala sebuleni kwenye kochi, ndani ya nyumba yake, kama mgeni aliyeachwa na basi. Dalali alieleza mpaka mate yakamkauka: watu wa siku hizi wanataka nyumba ndogo, majumba yanadoda, mzee apunguze. Mzee akajibu kwamba yeye alipima viwanja kabla dalali hajaota meno, hafundishwi bei na mtoto.

Wateja wakapungua, nyayo zikaongezeka. Alasiri, ghorofani kukiwa hakuna hata kiti, zilisikika zikienda chumba kwa chumba, dirisha likafunguliwa, likafungwa, ukuta ukagongwa kwa kidole, ko, ko, kama wafanyavyo wanunuzi wanaotafuta ufa. Harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi ikashuka ngazini ikakaa sebuleni, na bibi, ambaye hata angetaka kukimbia asingeweza, akawa anajifunika shuka gubigubi kwenye joto lote lile, akikisikiliza kitu hicho kikisimama juu kabisa ya kochi lake na kuvuta pumzi ndefu ya kuridhika, pumzi ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Mume wangu, punguza bei tuondoke," alinong'ona. "Nakuomba."

"Ni panya."

"Panya hafungi dirisha."

Mzee akatoka kwenda dukani kununua sumu ya panya. Binti yao ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mnene asiye na mbwembwe. Alipanda peke yake, akashuka amekunja uso kama fundi aliyeona msingi mbovu. Akasema nyumba ikikaa sana sokoni huwa haina mwenyewe: hawa wameshaitoa moyoni, mwingine hajaipokea, na majini hupenda mahali pa namna hiyo. Huyu hana ugomvi na mtu, anataka kununua. Dawa ni kumuuzia binadamu haraka, kwa bei yoyote atakayoiweza; binadamu akishasema amenunua, jini huondoka. Bibi akauliza, je, akinunua jini?

"Huwa wanainunua nyumba pamoja na waliomo," mganga akasema taratibu.

Mzee alimpigia dalali simu papo hapo. Kesho yake asubuhi dalali akaja na vijana wawili, mke na mume. Mzee akaitaja bei ya sokoni kama mtu anayeng'olewa jino. Vijana wakatazamana, wakatabasamu. Bibi alianza kulia kwa faraja, hakujificha.

Kijana wa kiume alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono wa makubaliano, nyayo zikaanza kushuka, nazo hazikuwahi kushuka hata siku moja, ngazi baada ya ngazi, bila haraka, mbao zikilia chini ya uzito usio wa mtu, harufu ya kuungua ikizitangulia, mpaka zikasimama kwenye ngazi ya mwisho ambapo hapakuwa na yeyote, na kutoka hapo patupu sauti ya upole, yenye adabu zote, ikamwamkia mzee, ikaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya watu, ikasema yenyewe inatoa bei ile ile aliyoitaka tangu mwanzo, bila kuomba kupunguziwa.

Vijana walikuwa wameshafika getini, dalali akiwa mbele yao. Bibi alimng'ang'ania mumewe shati, akamwita kwa jina alilomwita enzi za uchumba wao. Mzee hakusikia. Siku zote hizo watu walimcheka kwa bei yake, na leo amepatikana mmoja wa kumwelewa. Akakohoa, akajinyoosha kola.

"Taslimu?" akauliza.