Nondo wa Mashine ya Adolfu

Asubuhi nondo alikuwa juu ya mdomo wa mashine ya kusaga, pale Kasense, katandaza mabawa kama mwenye nyumba. Si kipepeo huyo, kipepeo angeyakunja. Mabawa ya mbele meusi yenye madoa ya manjano, moja lina pengo, ya nyuma mekundu ya pilipili, vipapasio vyenye manyoya. Alizidi vitenge vyote vya Zambia vilivyojaa sokoni tangu serikali ilegeze biashara. Adolfu akamponda kwa ndala.

Kesho yake karudi yuleyule, na pengo lilelile kwenye bawa. Akamponda tena. Akarudi tena. Na kila akirudi, ulezi wa watu unatoka unanuka nywele zilizoungua.

"Shemeji, huu unga au umechoma mbwa?" mteja wake Coleta akauliza, akajitwika ndoo yake, akaondoka. Wenzake wakamfuata.

Bingwa wetu akabaki na injini tu. Ng'ombe wote wa baba yake walikuwa wamegeuka mashine ile.

Akaitwa Silvana, mganga. Hata ubani hakuchoma. Aliinamia msingi wa zege.

"Humu mmeweka nini?"

"Shikamoo, mama. Mawe tu," Adolfu akajibu.

"Jiwe la kusagia la marehemu bibi yake," mkewe Redempta akanong'ona. "Alilipasua kwa nyundo. Nilimkataza."

"Jiwe la marehemu hulazwa kifudifudi, likaachwa. Mmemvunjia mtu nyumba. Fukueni vipande, mvilaze."

"Nivunje zege nipige magoti kwa mdudu?" Adolfu akacheka. "Mama, huo ushamba."

Silvana akaenda zake. Adolfu akachomoa mkanda, akamwaga dizeli yote, akamkamata nondo, akamtumbukiza ndani ya mashine na kufunika.

"Haya, kaa humo."

Ikaanza mchana kweupe, kwanza kama panya, kisha kama jiwe juu ya jiwe, kru, kru, mashine isiyo na mkanda wala dizeli wala punje ikisaga taratibu kama mwanamke asiye na haraka, na unga ukamwagika mweupe, wa moto, naye kwa ubishi wake akauchota, akauonja, ukawa wa chumvi.

"Redempta," akaita, lakini jina likatoka limelegea kama la mtoto mchanga.

Akaingiza kidole kinywani. Upande wa kushoto alikuta fizi tupu, laini. Upande wa kulia meno yalikuwa yanaisha, na mashine bado inasaga.