Safu ya Tatu

Jumatano, saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la kunyolea kilinuka spiriti na nywele zilizoungua. Wanaume wanne, kiti kimoja. Kiti alikalia Kinyozi, mwenye duka na mwenye mpango.

"Haya, fundi. Sema, usituchoshe."

Bisibisi alikuwa na miaka ishirini na saba na cheti cha umeme wa jua. Kampuni ilimwachisha kazi, na tangu hapo hakuna aliyemwita fundi isipokuwa watu wa chumba hiki. Hivyo ndivyo kijana wa watu anavyonaswa. Anasifiwa mikono yake.

Alichora nyuma ya karatasi ya kalenda. Paa la zahanati. Paneli kumi na mbili, safu tatu za nne nne.

"Mji huu una jua la kugawa. Saa saba mchana paneli moja inatoa wati mia tatu. Zote zinaingia kwenye mashine moja, na kila dakika tano mashine inatuma jumla ofisini. Jua likiwaka halafu namba ikaanguka, watapiga simu."

"Sasa?"

"Sasa tunangoja wingu. Wingu zito likikaa, namba inaanguka yenyewe, hakuna anayeuliza. Tunatoa safu mbili. Ya tatu inabaki."

"Nne tuziache?" Dereva alicheka peke yake. "Kwani tumekuja kutoa sadaka?"

"Zinabaki. Namba ikifika sifuri watajua. Halafu mle kuna friji ya chanjo na mashine ya oksijeni. Umeme mwingine hawana, na betri zao zimechoka."

Kinyozi alikunja karatasi ya kalenda. "Kwa mwizi, una huruma nyingi." Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

"Na ngazi anashika shemeji," Bisibisi aliongeza. "Si mtu mwingine."

Shemeji, mume wa dada yake, ndiye aliyemleta hapo. Alimpiga begani. "Nikikuangusha, dada yako atanilaza nje mpaka nizeeke."

Walicheka. Mama yake Bisibisi alishamwambia mara ngapi: yule mume wa dada yako mpe chakula, siri zako usimpe.

Jua likawaka siku tisa bila aibu.

Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana.

Wingu. Zito, jeusi chini, limelala juu ya mji mzima. Pikapu ilisimama kwenye geti la zahanati. Wote wanne walivaa ovaroli za bluu, kama za mafundi wa kampuni ya paneli.

"Mmekuja tena?" mlinzi aliuliza. "Si mlisafisha mwezi huu huu?"

"Vumbi, mzee wangu," alisema Bisibisi. "Vumbi linakula umeme."

"Basi na hii taa ya getini mniangalizie. Inawaka ikijisikia."

"Tutaiangalia, mzee."

Geti likafunguliwa. Shikamoo alipewa, marahaba akaitikia. Walimwibia akiwa anawashukuru.

Saa saba na dakika ishirini na tano.

Nyuma ya jengo hapakuwa na dirisha. Shemeji alikaza ngazi ukutani. Bisibisi akapanda na kamba, spana na mablanketi. Alizima swichi ya safu ya kwanza kwenye kisanduku cha paani, akafunika paneli zote nne, ndipo akachomoa waya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Paneli haina pa kuizimia. Ikiona mwanga, ina umeme.

Kutoka chini, Shemeji hakuona swichi. Hakuona mablanketi. Alichoona ni mikono mitupu ikichomoa waya kama mtu anayechuma mboga.

Paneli zilishuka kwa kamba, moja moja. Kinyozi na Dereva walizipokea.

Saa nane na dakika kumi.

Ya nane ilishuka. Bisibisi alitazama juu. Wingu lilikuwa limeanza kupasuka.

"Tumemaliza. Nashuka."

"Bado nne," alisema Kinyozi.

"Tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza."

"Hizo sizigusi."

Kinyozi hakupandisha sauti. Alimgeukia Shemeji, akampa koleo. "Panda wewe. Fungu la fundi ni lako."

Shemeji alitazama koleo. Alitazama juu. Macho ya Bisibisi aliyakwepa. Akapanda.

"Shemeji, rudi!"

"Nipishe."

"Swichi haijazimwa! Ukikata hapo umekwisha!"

"Nane umechomoa kwa mikono mitupu, nimekuona. Usinifanye mtoto."

Jua likatoka. Bati lote likang'aa. Bisibisi alimrukia, akachelewa. Koleo liliuma waya.

Mwali wa buluu. Mlio kama kitenge kinachopasuliwa. Shemeji alianguka chali, kiganja kinafuka moshi.

Na ngazi haikuwa na mtu.

Bisibisi aliisikia ikikwaruza ukuta. Alifika ukingoni ikiwa tayari ndani ya pikapu. Kinyozi hakuinua hata kichwa. Mlango. Injini. Getini mlinzi aliwapungia mkono.

Saa nane na dakika kumi na nane.

Upande wa pili wa paa kulikuwa na tangi la maji, kisha ukuta, kisha kichochoro. Hatua kumi. Bisibisi alizihesabu tangu siku ya kwanza, endapo mambo yataharibika. Yalikuwa yameharibika.

Nyuma yake Shemeji alivuta pumzi kama msumeno butu. Ikakatika. Ikarudi.

Dada yake alikuwa na mtoto wa miezi minne.

"Nesi!" Bisibisi alipiga kelele. "Huku juu! Mtu anakufa!"

Wakaleta ngazi ya zahanati. Wakamteremsha Shemeji kwa kamba ileile ya paneli. Nesi aliweka sikio kifuani. "Oksijeni, haraka!"

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Haiwaki! Umeme umekatika!"

Mlinzi alikuwa ameshafika juu, rungu mkononi. "Na uliniita 'mzee wangu'!"

"Nipige baadaye, mzee. Nipe dakika tatu."

Mlinzi alisikiliza kelele za chini. Rungu likashuka.

Bisibisi alizima swichi. Akafunika paneli. Akamenya waya kwa meno ya koleo, akausokota, akaufunga utepe. Akayaondoa mablanketi. Akawasha.

Paneli nne, jua la saa nane, wati elfu moja na mia mbili. Chini, mashine ya oksijeni iliguna, kisha ikavuma.

Akanyoosha mikono ifungwe.

Saa tisa na nusu.

Polisi walimkalisha barazani, pingu mkononi. Dada yake alifika kandambili mguu mmoja, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji, barakoa ya oksijeni usoni. Macho yalikuwa wazi.

Askari aliinama. "Nani alipanga kazi hii?"

Shemeji aliinua barakoa kwa mkono mzima. Alimtazama mkewe kwanza. Kisha akanyoosha kidole mpaka barazani.

"Yule. Fundi ni yule. Mimi nilikuwa nashika ngazi tu."

Akarudisha barakoa mdomoni, akavuta hewa.